Miezi mitatu na mshauri, na simu iliyokuwa inaniuliza moyo ukoje: maoni yangu kuhusu hii huduma hapa Mwanza

Nimewaahidi watu watatu sokoni kwamba nitaandika hii kitu na nimekuwa naahirisha, leo mwezi mweupe mzigo wa dagaa ni mdogo basi nimepata nafasi. Haya ni maoni yangu kuhusu huduma ya ushauri wa kisaikolojia niliyotumia miezi mitatu hapa Mwanza. Ni ile ya kukaa na mshauri kila wiki mnaongea, tiba ya mazungumzo wanaiita, ila hawa wameongezea kitu, wanakuwekea apu kwenye simu inakuuliza maswali kila siku, na kabla na baada ya kila kikao unajaza mengine, na ukikubali wanarekodi sauti, lengo lao wajue mazungumzo yanasaidia wapi na yanakwama wapi badala ya kukisia tu. Kituo sitakitaja, nina malalamiko huko chini na sitaki ionekane namchafua mtu. Nataka niongelee huduma yenyewe ilivyo, kwa sababu zinazidi kuja za namna hii na watu wanaingia bila kujua wanakuta nini.

Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, jumla, wateja wangu wengi Kongo na Dar. Mwaka jana mwezi wa nane mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alizama ziwani. Alikuwa anavua dagaa, kambi yao iko visiwani, upepo ukawakuta usiku, walikuwa wanne wakatoka wawili. Taa za sola za ule mtumbwi nilinunua mimi. Mashine nilichangia mimi. Hayo mawili nilikaa nayo miezi mitano sijamwambia mtu. Naenda kazini, napima mzigo, nahesabu hela, mtu akicheka na mimi nacheka, ikifika usiku silali, mwili unawaka moto, kichwa kimejaa, nawaza mpaka adhana ya alfajiri. Mzee wa nyumbani akadhani presha. Nikapima presha, sukari, malaria, taifodi, vyote viko sawa. Wifi yangu ndiye akaniambia, yeye ni nesi, "Wifi, hiyo haipo kwenye damu, nenda ukaongee na mtu anayejua kusikiliza," akaniandikia namba.

Nilivyojua mimi ushauri ni kupewa mawaidha. Unakaa, unaambiwa jikaze, muombe Mungu, maisha yaendelee. Nimeingia nakuta mshauri ni binti, nadhani ni rika la mwanangu wa kwanza, akanisalimia "mwangaluka mama", chumba kina feni na viti viwili na jagi la maji, akanipa tableti akasema kwanza tujaze hii. Kwa kweli nilichukia kidogo. Nimekuja na msiba wangu napewa mtihani.

Lile dodoso la kwanza lina maswali tisa, ndilo linatumika karibu kila mahali duniani, lilitengenezwa na madaktari wa Marekani, Spitzer, Kroenke na Williams, wakalitoa mwaka 2001. Linauliza wiki mbili zilizopita umekuwaje, usingizi, kula, uchovu, kukosa hamu, kujilaumu, mpaka swali la tisa la kuwaza afadhali ungekufa. Kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ya juu kabisa 27, ukifika 10 ndio wanaanza kukuangalia kwa makini. Siku ya kwanza nilipata 18. Binti akanionyesha ile namba, hakuificha, akasema mama hii sio hukumu, hii ni kama kipimo cha joto, tutaipima kila wiki tuone inaenda wapi.

Sasa nianze na kasoro kwa sababu zilianza siku hiyohiyo.

Ya kwanza ni Kiswahili chao. Dodoso lile limetafsiriwa, sawa, lakini maneno mengine yamekaa kitabu kitabu mpaka unajiuliza yanaongea na nani. Lile la kukosa hamu mimi nililielewa ni hamu ya chakula, na chakula kipo swali lake lingine, kwa hiyo nikajibu kitu kimoja mara mbili. Na kitu kilichokuwa kinaniua hasa, kuwaza, ile kuwaza kusikokatika, hakimo mule kwa jina lake. Nilimwambia mshauri, akanielezea habari ya Zimbabwe nikaipenda sana. Kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda mwaka 2006 alianzisha mabenchi nje ya zahanati Harare, wanaokaa pale kusikiliza watu ni mabibi wa mtaani waliofundishwa, na neno wanalotumia sio la hospitali, wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Na kipimo chao kilitengenezwa kwa Kishona tangu mwanzo. Walipokuja kupima ile kazi kitaalamu, matokeo yakachapishwa 2016, watu 573 kwenye zahanati 24, waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Basi nikamuuliza, kama Washona wameweza kuuliza kwa neno lao sisi tunashindwa nini kuweka swali la kuwaza? Akasema ataongeza kwenye yale maswali ya kila siku, lile dodoso la tisa haruhusiwi kulichezea kwa sababu namba hazitalingana tena na za wengine. Hapo nilimwelewa. Na akaongeza kweli, wiki ya tatu nikaliona, "Leo umewaza kiasi gani?"

Kasoro ya pili hii imeniharibia wiki nzima. Dodoso la tisa namba ikiwa kubwa ndio hali mbaya. Halafu apu ya kila siku inakuuliza moyo wako ukoje, sifuri mpaka kumi, na hapo namba kubwa ndio hali nzuri! Hakuna aliyenielekeza, wiki ya kwanza yote nabonyeza tisa, tisa, nane, nikimaanisha naumia sana, kumbe grafu inaonyesha huyu mama ana furaha ya harusi. Tuligundua kikao cha pili. Zile siku saba ikabidi zifutwe. Jamani wekeni hata kikatuni cha uso, kimoja kimenuna na kingine kinacheka, mtu anayejaza huku anapima dagaa kwa sado hana muda wa kukumbuka upande upi ni upi.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Ule ujumbe wa kukumbusha unatokea juu kwenye skrini umeandikwa wazi kabisa "Maswali yako ya afya ya akili". Simu iko mezani, mteja wangu wa miaka mingi yuko mbele yangu anahesabu magunia, akasoma. Hakusema kitu, aliniangalia tu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaumwa?" Watu wa huku tunajua neno akili likitajwa linatafsiriwaje, mtu haraka anakuwekea Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kichwani. Nilizima simu siku mbili. Nilipowaambia walibadilisha, sasa hivi inasema "Ukumbusho" basi, lakini hilo lilitakiwa liwe hivyo kabla mimi sijaaibika. Anayetengeneza apu za namna hii aelewe simu sokoni ni ya watu wote, mtoto anacheza nayo, jirani anaomba tochi, mteja anasoma.

Haya. Pamoja na yote hayo nimewapa nyota nne, na sababu kubwa ni vikao viwili, cha tano na cha sita.

Cha tano nilikuwa nimejikaza nikatoa lile la taa na mashine. Yaani nimelitoa, miezi yote hiyo, natetemeka. Na yule binti, kwa nia njema kabisa, akaniambia mama unajilaumu bila sababu, upepo haukuutuma wewe. Kila mtu angesema hivyo. Ila mimi nilihisi kama amefunga mlango kwenye mkono wangu. Nikanyamaza, nikasema ndiyo mwanangu, asante, nikaaga vizuri. Sisi tumelelewa hivyo, huwezi kumwambia mtaalamu umekosea, tena amekukaribisha na maji. Nje pale kwenye benchi apu ikaniletea yale maswali manne ya baada ya kikao: leo nilisikilizwa, tuliongea ninachotaka kuongea, njia tunayotumia inanifaa, kwa ujumla kikao kilikuwaje. Kila moja unasogeza kidude kwenye mstari. Vikao vyote vya nyuma nilikuwa naweka tisa na kumi kwa heshima. Siku hiyo kwenye nilisikilizwa nikasogeza mpaka tatu, nikabonyeza tuma haraka kabla sijabadili mawazo, nikapanda daladala.

Wiki iliyofuata naingia, hata hajaniuliza habari za nyumbani sana, akasema, "Mama, wiki iliyopita ulinipa tatu. Nilikukosea wapi?"

Nina miaka 41, nimezaa mara nne, nimelaza watoto, nimeuguza mama mzazi, sijawahi kuulizwa na mtu wa tiba nilikukosea wapi. Nilikaa kama dakika nzima. Halafu nikamwambia, ulinipoza haraka. Sikutaka kupozwa, nilitaka nikae na lile jambo na mtu asiondoke. Akasema nimekuelewa mama, basi tukae nalo. Na tukakaa nalo, lisaa lizima, niliongea bei ya zile taa, siku nilizozinunua, jinsi alivyonipigia kunishukuru, alivyozijaribisha ndani kwa mama mchana kweupe watoto wakawa wanashangilia. Hakunikatisha hata mara moja.

Kikao cha saba dodoso likatoa 11. Wiki iliyotangulia ilikuwa 17.

Mimi ningeulizwa bila namba kikao gani kilinisaidia ningesema cha pili, kwa sababu cha pili nililia sana na nikatoka mwepesi, nikamhadithia wifi. Lakini ukiangalia ile karatasi baada ya cha pili hakuna kilichobadilika, 18 na 18. Hii ndiyo sababu naona hivi vifaa vina kazi ya kweli, maana kumbukumbu yako inachagua kikao chenye machozi na kile kilichokusogeza inakiacha. Mshauri alinieleza kuwa watafiti wawili, Tang na DeRubeis, mwaka 1999 waliandika kuhusu hilo hasa, kwamba wagonjwa wengine wa sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, hawapandi nafuu polepole kama ngazi, wanapata nafuu ya ghafla kati ya kikao kimoja na kinachofuata, na waliopata hivyo wengi walikaa vizuri hata baadaye. Walichofanya ni kurudi kwenye mikanda ya kikao kilichotangulia ile nafuu wakasikiliza kulisemwa nini mle. Bila kupima kila kikao na bila mikanda huwezi kujua urudi kusikiliza kikao kipi.

Na washauri wenyewe bila namba hawaoni vizuri, hili sisemi mimi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005, waliwauliza washauri kati ya wateja wao 550 nani ataishia na hali mbaya kuliko alivyokuja, washauri wakataja watatu tu. Waliokuja kuharibikiwa kweli walikuwa 40. Sio kwamba ni washauri wabaya, ni kwamba mteja kama mimi anasema asante mwanangu na anaaga vizuri. Ile tatu yangu ingebaki tumboni na mimi nisingerudi kikao cha sita, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshapanga kusingizia safari ya Ukerewe.

Lakini namba peke yake ni kitu cha kupotosha vilevile, na hapa nawaomba msome taratibu.

Kikao cha kumi binti alifungua grafu ya kila siku, ile ya moyo na usingizi na kuwaza, miezi miwili na kitu. Ilikuwa na mabonde. Inapanda, inazama kama siku kumi hivi, inapanda tena, inazama. Akaniambia wamekaa na msimamizi wake wameitazama hawajapata jibu, je ni mwisho wa mwezi, marejesho ya vikoba? Nikamwambia hapana, marejesho yetu ni kila Jumamosi. Je ni mambo ya kike? Nikamwambia hata hayo hapana. Nikaomba ile tableti niishike mwenyewe, nikaangalia tarehe, nikaanza kuhesabu kwa vidole kama ninavyohesabu mzigo utakaokuja, na mwili ukanisisimka.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ni giza."

Hakuelewa, sio mtu wa ziwani. Nikamweleza. Dagaa wanavuliwa usiku usio na mwezi, taa inawaita kwa sababu kuna giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kwetu mwezi una giza na una mweupe, ukiuza dagaa unaishi hivyo, bei yangu, mzigo wangu, hela ya ada, vyote vinafuata mwezi. Na mimi nyumba yangu iko mlimani kwenye mawe, dirisha la chumbani linaangalia ziwa. Siku za giza mitumbwi inatoka, taa zao zinaonekana usiku kucha kama kuna mji kule majini. Siku za mweupe ziwa liko tupu. Nilikuwa nazama kila giza na napanda kila mweupe, na sikuwa najua. Nilikuwa nafunga pazia tu, najiambia upepo wa baridi.

Sasa turudi kwenye ile 11 yangu. Kikao cha saba kilikuwa katikati ya mbalamwezi! Kwa hiyo ni ile "nilikukosea wapi" iliyonishusha au ni mwezi? Binti mwenyewe ndiye aliyeliuliza kwa sauti, hakujipigia makofi, na hilo lilinifanya nimwamini zaidi. Tukaangalia. Mweupe wa kwanza, kabla ya kikao cha sita, nilishuka kutoka 18 nikaishia 15 tu, giza lilivyorudi nikapanda 17. Mweupe wa pili nikashuka 11. Giza lililofuata nikapanda, lakini nikafika 12, sikurudi 17. Kwa hiyo mwezi upo na kikao kipo. Bila zile siku za kila siku wangesema ni kikao peke yake, na mtu mwingine angesema mama huyu ni mwezi tu unamchezea. Mtu mmoja hawezi kuthibitisha kitu kwa watu wote, alinisisitizia hilo, ila kwa mtu mmoja ambaye ni mimi ilitosha kujua kesho tufanye nini.

Tulichofanya ni hiki. Giza lile lile, saa tatu usiku, nisifunge pazia. Nikae nje kwenye jiwe na mzee wa nyumbani, niangalie zile taa, nibonyeze namba ya kuwaza nikianza na nikimaliza. Usiku wa kwanza nilianza tisa nikamaliza tisa nikalia. Wa tatu nilianza nane nikamaliza sita. Wa sita nilikaa mpaka mzee akalala palepale kwenye kiti, nikawa nazihesabu taa, nilifika mia na kitu nikapotea, nikaanza kumwambia mdogo wangu habari za bei ya dagaa ilivyoshuka. Nikabonyeza nne. Mshauri alisema kukwepa kitu ndiko kunakokifanya kizidi kuwa kikubwa, na kwamba zile namba za kuanza na kumaliza zinaonyesha kama kukaa nacho kunasaidia au kunaumiza, zingekuwa zinapanda kila usiku tungeacha.

Kuhusu kurekodi. Kila kikao anakuuliza upya, unasema ndiyo au hapana, mimi cha tano nilikataa na cha sita nikakubali, sasa natamani ningekubali vyote. Sio jambo jipya kumbe, Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, kule Ohio alianza kurekodi vikao kwenye santuri na mwaka 1942 akachapisha vikao vinane vya mteja mmoja, neno kwa neno, akiwa amebadilisha jina, na kabla ya hapo karibu dunia yote ilikuwa inategemea kile mshauri anachokumbuka kuandika jioni. Hawa wana programu inayopima nani ameongea kiasi gani. Kikao cha kwanza yeye aliongea zaidi ya nusu. Cha sita mimi karibu chote. Niliisikiliza dakika kama tano za cha sita, na nilichokisikia ni kwamba mwanzoni nasema "mtu akinunua taa", "mtu anajilaumu", mtu, mtu, halafu katikati ghafla nasema "mimi". Nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu pale nilipogeuka. Ila ile programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi haifai kabisa, Kiswahili chetu hiki cha kuchanganya na Kisukuma na Kikerewe imekishindwa, iliandika vitu havipo, binti ikabidi asikilize na kuandika kwa mkono. Msiwaamini wakiwaambia inafanya yenyewe.

Taarifa zako zinakwenda wapi, ulizeni kabla ya kusaini, msione aibu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, na mambo ya afya yamo kwenye taarifa nyeti. Mimi niliuliza nani anasikia sauti yangu, zinakaa muda gani, nikitaka zifutwe inakuwaje. Walinijibu kwa maandishi ila baada ya kuuliza mara mbili. Fomu yao ina kurasa nyingi na herufi za mchwa, mtu aliyekuja analia hawezi kusoma ile.

Jambo lingine la muhimu sana. Apu sio ya dharura. Kuna wiki moja lile swali la tisa niliweka moja badala ya sifuri, binti akanipigia saa hiyohiyo, tukaongea, nashukuru. Lakini ilikuwa Jumatano mchana. Usiku ukibonyeza hivyo unaletewa maandishi tu. Ukijisikia hivyo usisubiri apu ikujibu, amsha mtu wa nyumbani muende hospitali, Bugando au Sekou Toure, usiku huohuo.

Gharama: elfu ishirini kikao, vikao kumi na viwili, apu bure, bando yako mwenyewe lakini haili sana, na inahifadhi majibu hata ukiwa visiwani hakuna mtandao halafu inatuma baadaye. Simu za kitochi haziwezi, kuna mama jirani yangu hapo sokoni alikwenda wakampa karatasi, na anasema karatasi yake haifunguliwi kikaoni, inawekwa kwenye faili. Hiyo sio haki. Mimi nilisaidiwa kwa sababu majibu yangu yalirudi mezani tukayaongea, yeye anajaza tu kama fomu ya hospitali na ya kwake inakuja kuwa kazi ya bure. Nimewaambia hilo kwa mdomo na nalirudia hapa.

Kikao cha kumi na mbili nilipata 7. Sijapona kila kitu, kuna siku nikisikia mashine ya mtumbwi asubuhi najikuta nimesimama. Naenda mara moja kwa mwezi sasa, na nimeomba iwe wiki ya giza.

Siku ya mwisho waliniprintia ile grafu yote. Nikachukua kalamu nikapaka rangi nyeusi chini ya kila giza, manne yote, na nikaandika pembeni siku ya arobaini ya baba mkwe na siku ya upepo mkubwa, kwa sababu apu haina mahali pa kuandika vitu hivyo, inajua tarehe tu. Binti akaniomba aipige picha. Akasema wataongeza sehemu ya mtu kuandika mwenyewe nini kinaendelea pale anapoishi. Bado sijaiona, nilisasisha apu juzi, haipo.